Daktari wa Watoto wa Alhamisi

Kwa miaka kadhaa Daktari Raymundi Lugembe aliamini kwamba watu wa Tabora wanamheshimu kupita kiasi. Popote alipoalikwa, iwe harusi, ubatizo au matanga, alikuta ametengewa meza. Juu yake kitambaa cheupe, sahani moja iliyofunikwa kwa kawa, glasi ya maji na kijiko. Watu aliokua nao na kuchunga nao mbuzi walikaa chini kwenye mikeka, wakizunguka sinia moja, wakinyang'anyana minofu na kutaniana, naye akawaangalia kutoka juu ya kiti chake kama mkaguzi wa shule.

Aliona ni kwa sababu ya elimu. Alikuwa mmoja wa Waafrika wachache waliotoka Makerere na udaktari zama hizo za Mwingereza, na alipopita sokoni wazee waliomzidi umri walivua kofia. Mtu kama huyo, alijiambia, watu hawajui wamkalishe wapi. Wakati utapita, watamzoea.

Mwaka 1953 binamu yake alioa huko Ipuli, na daktari akaamua kwamba siku hiyo hatakaa mezani. Alivua koti, akanawa, akaketi mkekani katikati ya Modest na Anton, rafiki zake wa utotoni, akatia mkono katika wali. Modest akakumbuka kwamba mbuzi wake hajafungwa. Anton akasema tumbo limemsumbua tangu asubuhi. Mwingine akainuka kwenda kunawa, hakurudi. Wali haujapungua, daktari alikuwa amebaki peke yake na sinia la watu wanane.

Jumatatu yake alimsimulia nesi Apolinaria kama kichekesho. Apolinaria alikuwa mjane wa makamo, mnene, mwenye ulimi usiochagua mtu, naye ndiye aliyefanya kazi na daktari tangu siku za mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho huku akiviringisha bandeji, na hakucheka.

"Daktari, kweli hujui?"

"Nijue nini?"

"Kila Alhamisi unakula na wenye kifafa, bakuli moja, mbele ya wazazi wao. Ulidhani hao wazazi wakifika kwao wanafunga midomo? Mji mzima unajua. Ile meza si heshima, baba. Ile meza ni bakuli la pembeni kama wanalotengewa wenye kifafa, ila lako limetandikiwa kitambaa."

Daktari alikwenda kwenye bomba akanawa mikono ambayo ilikuwa safi, kisha akaita mgonjwa wa kwanza.

Alhamisi hizo zilianza na mtoto aliyeungua. Mwaka wake wa kwanza hospitalini aliletewa mvulana kutoka upande wa Usinge, mkono wake wa kushoto umeiva hadi kwenye kiwiko. Alimtibu kwa wiki nyingi, kidonda kikafunga, mama akashukuru na kuondoka. Msimu uliofuata mvulana yuleyule akarudishwa, safari hii ameungua uso. Daktari alikasirika, akamuuliza mama kwa ukali kama nyumba yake haina mtu wa kumtazama mtoto. Mama akasema watu walikuwapo. Walikuwapo wengi, wamekaa palepale jikoni. Mtoto alianguka motoni huku povu linamtoka, na mtu haguswi wakati povu linamtoka. Walingoja likauke.

Tangu hapo Raymundi aliacha kuuliza kuhusu moto. Aliomba chumba kilichokuwa ghala la magunia nyuma ya hospitali, akakipaka chokaa, akatangaza kwamba kila Alhamisi atawaona watoto ambao vichwa vyao vina maradhi. Wiki za kwanza hawakuja. Baadaye wakaja wengi kuliko benchi. Walikuja wa kifafa, waliokakamaa viungo tangu kuzaliwa, wenye vichwa vilivyojaa maji, waliobaki viziwi na wazito wa ulimi baada ya homa ya uti wa mgongo, na wale wa degedege ambao walikuwa wameshafukizwa kwa mavi ya tembo mpaka macho yamevimba. Walikuja kwa treni, kwa baiskeli, na wengine kwa miguu wakiifuata ile njia ya zamani ya misafara, wamebebwa mgongoni na mama zao.

Wengi wao hakuweza kuwaponya, na hakuwadanganya wazazi. Aliwafundisha akina mama namna ya kunyoosha miguu iliyokakamaa, na namna ya kumlisha mtoto asiyeweza kumeza. Lakini wa kifafa alikuwa na dawa yao, vidonge vidogo vyeupe viitwavyo fenobabitali. Mtoto akivimeza kila siku, siku zote, haanguki, au huanguka mara chache. Kabla ya kutoa vidonge alitoa kitu kingine. Apolinaria alipika ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga, akaweka bakuli moja chini, na daktari akala na mtoto huku wazazi wakiangalia. Hakuwahubiria. Alikula tu, akalamba vidole. Alitaka waone kwamba wiki ijayo watamkuta mzima.

Walimkuta mzima kila wiki, na haikusaidia sana. Watu walisema dawa za Wazungu zinamkinga, au kwamba ugonjwa ule huchukua muda mrefu kujitokeza. Familia moja ya mjini aliyokuwa ameposa kwao ilianza kuahirisha, mara mvua, mara msiba, mwishoni wakarudisha posa kwa maneno mazuri sana. Hakuposa tena. Alikaa katika nyumba ya serikali yenye vyumba vitatu, akala jioni peke yake huku redio inazungumza.

Ng'washi aliletwa baadaye, akiwa na miaka tisa hivi. Alitoka Tura, kwenye stesheni ya reli mashariki ya Tabora. Baba yake, Yoramu, alikuwa mrina asali na Mkristo wa Moravian, mtu wa maneno machache. Mama yake, Marcelina, ndiye aliyesimulia. Mtoto alianza kuanguka akiwa mdogo, ndipo mzee wa nyumba, baba yake Yoramu, akaamuru atengewe bakuli lake, kata yake ya maji na kigoda chake, ale nyuma ya nyumba. Toka hapo hajala na mtu.

Daktari alizoea watoto wa namna hiyo. Wengi walikuwa wakimya, walikula wakiwa wameinama. Huyu alimtazama usoni akitafuna.

"Daktari, tonge lako kubwa. Kwenu mlizaliwa wengi?"

"Tulikuwa tisa."

"Ndiyo maana. Usipochota kubwa wanamaliza." Akatazama tonge lake mwenyewe. "Langu dogo kwa sababu hakuna wa kuninyang'anya."

Apolinaria akageukia dirishani ghafla kana kwamba kuna mtu amemwita.

Kila mwezi mama na mtoto walikuja kwa treni kuchukua vidonge, na kila mwezi Ng'washi alikuwa na habari mpya. Babu yake, Mzee Kashindye, alimwita mke wangu, kama babu wanavyowatania wajukuu wa kike, na yeye alimjibu kwamba mume gani huyo asiyekula na mkewe. Kaka zake walijifanya hawamsikii akiomba mfupa. Alikuwa amepanga kila kitu. Akipona atakaa mkono wa kulia wa babu, kwa sababu babu hana meno na nyama yake yote itakuwa halali yake. Hakuomba kwenda shule, hakuomba gauni. Alitaka mkono wake uingie katika bakuli pamoja na mikono mingine. Kila alipomaliza kuangaliwa, swali lake lilikuwa lilelile, "Bado?" na daktari alijibu kwamba wanaendelea vizuri.

Waliendelea vizuri kweli. Mvua za kwanza zikaisha hajaanguka. Mavuno yakapita. Ukafika mwaka mzima na zaidi, akanenepa, akajifunza kuteka maji kisimani bila mtu wa kumlinda.

Siku moja Yoramu alikuja Tabora peke yake, na chupa mbili za asali. Alisimama mlangoni mpaka wagonjwa wakaisha, kisha akasema baba yake anamwomba daktari afike Tura Jumapili. Kutakuwa na mbuzi.

"Mzee anataka ule naye," akasema.

Daktari alidhani hakusikia vizuri. Akauliza kama atatengewa meza.

"Meza hatuna. Tuna bakuli la mti alilochonga babu yake baba. Watu sita wanatosha. Wewe utakuwa wa sita."

Siku nyingine yoyote Raymundi angeuliza mbuzi ni wa shughuli gani. Alikuwa mtu wa kuuliza, hata wauguzi walimlalamikia kwa maswali yake. Siku hiyo hakuuliza. Jumapili alipanda treni ya alfajiri amevaa shati jipya, na begi lake la dawa alilibeba kila mahali, lakini safari hii aliliacha juu ya kabati. Mtu haendi kula na watu amebeba sindano.

Nyumba ya Mzee Kashindye ilikuwa upande wa pili wa reli, karibu na vibanda vya wapika samli. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Mzee mwenyewe, kipofu wa jicho moja, alimpokea kwa mikono miwili, na daktari alipoinama kumwamkia shikamoo, aliitikia na kuendelea kumshika mkono mpaka wakafika kwenye mkeka. Akamkalisha kushoto kwake. Kulia alikuwa amekaa Ng'washi, amenyolewa upara, amepakwa mafuta, amevaa kitambaa kipya, uso umekaza kwa furaha aliyojitahidi kuificha. Wakakaa Yoramu na kaka wawili wa Ng'washi. Bakuli la mti likaletwa, jeusi kwa uzee, ugali katikati na nyama imezunguka.

Mikono sita ikaingia. Hakuna aliyekumbuka mbuzi wala tumbo. Kaka mkubwa alimwahi daktari kwenye ini, Ng'washi akamzomea kaka yake kwamba hana adabu kwa wageni, kisha yeye mwenyewe akanyakua lile ini na kulitia mdomoni kabla mtu hajasema kitu. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Mke wangu huyu mwizi," akasema. "Mwanangu, wewe ni shahidi."

"Nimeona, baba," daktari akasema. "Na mimi ameniibia."

Viwiko vyao viligusana. Mtu fulani alimsukumia nyama kwa kidole, na hakujua ni nani. Kwa muda mrefu hakuwa amekula chakula chenye ladha, na sasa alikula kama alivyokula kwao akiwa mmoja wa tisa, kwa haraka, akitazama mikono ya wengine. Akawaza kwamba kama miaka yote ile ya Alhamisi ilikuwa njia ya kumfikisha kwenye bakuli hili, basi hajapotea.

Walipopunguza kasi, mzee akaanza kusimulia. Baba yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani na kurudi na marobota ya vitambaa, na njia yao ilipita pale, wangeweza kuirushia mfupa kutoka walipokaa. Wapagazi walikula kambi kwa kambi, watu wa chungu kimoja, na mtu aliwajua watu wa chungu chake kuliko ndugu. Mmoja akishikwa na ndui hawakumfukuza. Walimpa kibuyu chake na unga wake kidogo, wakamwambia atawafuata nyuma taratibu. Mbele ya Tura kulikuwa na pori lisilo na maji, Mgunda Mkali. Hakuna mtu mwenye kibuyu cha peke yake aliyelivuka.

"Kwa hiyo kumpa mtoto bakuli lake, kwetu si jambo dogo," mzee akasema. "Nilimpa kwa mkono wangu, ili hawa wengine wapone. Nilijua ninachofanya. Leo asubuhi nimelivunja kwa mkono huuhuu. Tumemnyoa, tumemwosha, na dawa yako tumeipeleka njia panda pamoja na vigae, kama inavyopaswa dawa ikishamaliza kazi. Ndiyo maana nimekuita. Mganga akiponya, hula na aliyemponya. Hiyo ndiyo desturi ya nyumba hii."

Mkono wa daktari ulikuwa ndani ya bakuli. Ulibaki humohumo.

Aliuliza polepole kama vidonge vyote vimepelekwa. Vyote, na kopo lake. Akauliza mtoto amemeza lini mara ya mwisho. Marcelina, aliyekuwa amesimama na wanawake karibu na jiko, akajibu kwamba juzi.

Daktari alikuwa ameyaona mambo hayo mara tatu katika kazi yake. Mtoto aliyezoeshwa dawa ile akiachishwa ghafla, hukaa vizuri siku chache, halafu kifafa humrudia chote kwa pamoja. Huanguka, na kabla hajazinduka huanguka tena, na tena, mpaka moyo unachoka. Watatu wote aliwazika. Treni ya kurudi Tabora ilikuwa Jumanne, na hata akituma vidonge siku hiyohiyo, wiki ingekuwa imekwisha.

Akamtazama Ng'washi. Alikuwa anatafuta mafuta kwenye ufa wa bakuli kwa kidole.

Aliwaza kunyamaza, kisha kumvuta Marcelina pembeni na kumwomba ampe mtoto kwa siri. Wangemaliza kula vizuri. Kila mtu angebaki mahali pake. Lakini kidonge cha siri husahauliwa wakati wa palizi, hufichwa ugeni ukija, na siku babu akikigundua hutupwa. Alijua pia sababu nyingine iliyomfanya atamani kunyamaza, nayo haikuwa ya mtoto. Alikuwa amekaa vizuri mno.

"Baba," akasema, "dawa ile haijamaliza kazi."

Akaeleza kadiri alivyoweza. Alisema dawa ni kama mlinzi wa shamba, nguruwe hawaji kwa sababu yupo, akiondoka watarudi. Alisema mtoto anaweza kula na watu, ugonjwa hauna njia ya kupita katika ugali, ndiyo maana yeye mwenyewe yu mzima. Mzee Kashindye alimsikiliza bila kumkatiza, jicho lake zima likitazama mikono yake.

"Nikuulize moja tu, mwanangu. Asipoimeza, ataanguka?"

"Ataanguka, baba. Na safari hii anaweza asiinuke."

"Basi hajapona."

"Hajapona kabisa," daktari akasema.

Mzee akatoa mkono wake bakulini. Hakuutoa kwa hasira. Aliutoa taratibu kama mtu anayechoka, akaomba maji ya kunawa. Yoramu akautoa wake. Kaka wawili wakatazamana, wakafuata. Marcelina alikuja na kata ya maji, akamnawisha mkwewe. Katika bakuli ilibaki mikono miwili, wa daktari na wa Ng'washi, na nyama ilikuwa bado nyingi.

Ng'washi hakulia. Alimgeukia daktari.

"Si ungengoja nimalize kula."

Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, mahali alipokula siku zote, ingawa bakuli lake lilikuwa limeshavunjwa.

Daktari aliuliza njia panda iko wapi. Yoramu alimwonyesha kwa kidevu na hakuinuka. Kilichoachwa njia panda hakiokotwi, kila mtu pande zile anajua, anayekiokota amejitwalia ugonjwa ulioachwa hapo. Akaenda peke yake. Njia ya wapagazi siku hizo ilikuwa imebaki kijia cha ng'ombe, nyembamba, na palipokutana na reli ndipo walipotupa. Alikuta nywele, majivu, vigae vya bakuli, na kopo la bati lililopondwa kwa jiwe. Vidonge vilikuwa vimetapakaa mavumbini, vingine vimekanyagwa, vingine vimepandwa na sisimizi. Akapiga magoti na lile shati lake jipya. Aliokota kimoja kimoja, akikipuliza na kukitia katika leso. Mchungaji mmoja aliyekuwa anakuja na ng'ombe alisimama, akaangalia, kisha akawazungusha ng'ombe wake wote mbali porini.

Alipoinua kichwa alimwona Marcelina. Alikuwa amesimama kando ya reli, hajavuka. Daktari alisogea, akasimama hatua chache kutoka kwake, leso mkononi, hajui kama amkabidhi au aiweke chini. Mama yule akaitazama leso.

"Akivimeza ataishi?"

"Ataishi, mama Ng'washi."

"Bila kula na wenzake."

"Hilo sina dawa yake."

Marcelina akakinga pindo la kanga yake. Daktari akamwaga vidonge humo.

Siku mbili za kungoja treni alilala katika darasa la kanisa, juu ya benchi mbili zilizounganishwa. Mzee Kashindye alimpelekea chakula kila jioni, kizuri, cha kutosha, ndani ya sahani moja iliyofunikwa.

Ng'washi hakuanguka. Marcelina hakurudi tena Tabora, kwa kuwa nauli na maneno ya watu vilimshinda, basi daktari akawa anakwenda Tura mwenyewe kila alipopata nafasi, akipeleka vidonge. Mara ya kwanza alibeba chakula alichopikiwa na Apolinaria, nsansa za karanga, akaketi nyuma ya nyumba na kumkaribisha msichana. Ng'washi alimeza kidonge mbele yake, akafungua kinywa aone kwamba hakipo, kisha akabaki amesimama.

"Njoo tule," daktari akasema. "Tonge langu bado kubwa."

"Kula na wewe ni dawa tu," Ng'washi akajibu. "Nimeshameza."

Aliporudi, Apolinaria alimwona anamwaga chakula. Akafungua mdomo kusema kitu, na kwa mara ya kwanza akajizuia.

Miaka ile ndipo jina lake lilipokua. Alisoma makala yake Nairobi na Kampala. Madaktari walikuja kutoka ng'ambo kukitazama chumba kilichokuwa ghala, wakapiga picha watoto kwenye benchi. Alialikwa Dar es Salaam kuvishwa nishani, akakaa kwenye karamu ya wakubwa, meza ndefu, kila mtu na sahani yake, kisu chake na glasi yake, hakuna mkono uliogusa mwingine. Aliwaza Mzee Kashindye angesema nini akiona kundi zima la watu wenye vibuyu vyao, na akacheka peke yake, na bibi wa Kizungu aliyekaa jirani akamuuliza kwa upole ana nini. Alisema amekumbuka mtu wa Tura.

Alhamisi ziliendelea. Wapo watoto waliorudi katika bakuli la nyumbani, si wachache. Wale wengine aliendelea kula nao yeye. Mjini aliendelea kukaa mezani, na siku hizi alipokuta kitambaa cheupe alimshukuru mwenye nyumba na kula kimya.

Mara ya mwisho alipofika Tura ilikuwa mwaka 1960, baada ya mvua. Alikuwa ameanza kuugua ugonjwa uliomwondoa mwaka uliofuata, na kutoka stesheni hadi kwa Yoramu alipumzika njiani. Mzee Kashindye alikuwa ameshafariki. Alipokaribia nyumba alisikia vicheko vinatoka upande wa nyuma, akadhani kuna wageni, akasimama penye ua wa miiba.

Walikuwa wawili tu. Ng'washi, msichana mkubwa sasa, kanga imefungwa kifuani, na Marcelina. Mbele yao bakuli moja la udongo. Wanawake wengine wa nyumba walikuwa wanakula upande wa jikoni, kama siku zote, na mama yule alikuwa amewaacha akahamia huku. Ilionekana si jambo la siku hiyo. Walikula bila kutazama bakuli, kama watu wanavyokula mahali walipozoea. Marcelina alikuwa anasimulia kitu, akachota tonge akalisahau mkononi, na Ng'washi akaliinamia akalila palepale kwenye vidole vya mama yake. Mama akampiga kofi begani. Wakacheka tena.

Daktari alisimama pale akipumua kwa shida. Alitaka kukohoa wamjue. Alijua Marcelina angemkaribisha, na angesisitiza. Alijua pia kwamba Ng'washi angeinuka kwa adabu, angefungua kinywa kuonyesha kidonge kimekwenda, na hapo bakuli lile lingegeuka jambo lingine.

Alizunguka mbele, akamkuta Yoramu anapasua mzinga. Akampa kopo la vidonge na maelekezo, akamwambia kwamba kuanzia mwezi ujao litaletwa na mtu wa treni. Yoramu akamkaribisha ndani, akasema chakula kipo. Daktari alisema anawahi.

Treni ilichelewa. Mtu wa stesheni, aliyemjua kwa sura, alitoka ofisini na kumkuta ameketi peke yake kwenye ukuta mfupi, mikono juu ya magoti. Akamwamkia, akamuuliza kama kuna mgonjwa. Daktari akasema hakuna, wote wazima.

"Umekula lakini? Safari bado ndefu."

"Nimeshakula," daktari akasema.